Mita Kumi na Nane Kutoka Ukingoni

Siku ya kumi na mbili tangu lori litumbukie bondeni kwenye kona ya Kwansira, Mwalimu Dorkas alisimama kwenye foleni ya chakula nje ya lango la mahabusu mjini Same, mkononi ana hotpoti ya makande. Mbele yake walikuwa wanawake saba ambao sasa aliwafahamu kwa sura. Zamu yake ilipofika, askari alifunua hotpoti, akamwambia aonje. Akaonja. Askari akamwambia aonje tena, safari hii achote ya chini. Nyuma yake alimsikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake kwamba huyo ndiye mke wa dereva aliyeua watu watatu, na eti ni mwalimu wa sekondari. Dorkas alimeza, akafuta kijiko kwa ncha ya kanga, akaingia.

Sifael aliletwa mkono wa kushoto ukiwa umefungwa hogo la plasta kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko. Alikuwa amekonda, na shati alilovaa lilikuwa la mtu mwingine. Kila alipofika Dorkas, maneno yalikuwa yale yale, naye hakuchoka kuyasikiliza kwa sababu aliyaamini. Lori lilikuwa limebeba magunia ya tangawizi, na juu ya magunia walipanda abiria wachache waliochukuliwa pale kanisani, juu ya mteremko. Mvua za Aprili zilikuwa zimelainisha barabara. Walipofika kwenye kona, ukingo ukameguka.

"Nilikuwa gia ya pili, Mwalimu," alisema. Tangu wachumbiane alimwita hivyo, Mwalimu, hata chumbani. "Nilitembea polepole kabisa. Udongo ukaachia chini ya tairi, gari likalala."

Lakini askari wa barabarani walikuwa wameandika kwamba lori lilikuwa kwenye mwendo kasi, na mwenye lori, Abdulrahmani, alikuwa ameandikisha maelezo kwamba gari lake lilikuwa zima na kwamba alishamkanya dereva huyo mara nyingi. Dhamana ilikwama. Wakili kijana waliyempata kwa fedha za ng'ombe wawili wa baba mkwe alikuwa amesema wazi kwamba neno la dereva peke yake halitamfikisha popote.

Dorkas aliinama karibu na wavu. Alimweleza mumewe jambo alilokuwa akiliwaza siku tatu. Gari lililomegukiwa na ukingo huanguka pale pale, chini ya ukingo, kama gunia lililosukumwa mezani. Gari lililokuwa mbioni huruka, likatua mbali. Basi mahali lori lilipotua panatosha kusema lilikuwa na mwendo gani. Askari walichora tu, hawakupima. Yeye angepanda akapime.

Sifael alilitazama hogo lake kwa muda.

"Usihangaike," alisema. "Njia mbaya ile, na mvua hizi. Mwachie wakili."

Dorkas alidhani mumewe amekata tamaa. Akatoka pale amekaza moyo zaidi kuliko alivyoingia.

*

Shuleni walikuwa wamemwonea huruma kwa namna yao. Mkuu wa shule alimwita akamwambia kwamba kwa muda huu vipindi vya fizikia vya kidato cha tatu vitashikwa na mwalimu wa hesabu, ili apumzike. Dorkas alielewa. Mmoja wa wale watatu waliokufa alikuwa Blessing, msichana wa kidato hicho hicho, na dawati lake lilikuwa bado tupu katika mstari wa pili. Wengine wawili walikuwa wanawake wafanyabiashara wa tangawizi. Dorkas hakuwafahamu.

Blessing alimfahamu vizuri. Hakuwa mwanafunzi mzuri wa fizikia. Mtihani wa mwisho alipata kumi na moja katika mia, akacheka mwenyewe alipoiona karatasi. Alikuwa mtoto wa jirani ya wakwe zake kule juu milimani, na wakati wa likizo fupi ya Aprili mama yake alikuwa amempigia Dorkas simu kusema nauli ya kumrudisha mtoto bwenini imesumbua. Dorkas akamjibu asihangaike, baba wa nyumba yake anashuka Jumatatu na tangawizi, atamleta. Kisha akampigia Sifael akamwagiza. Sifael akasema sawa. Simu hiyo haikufika dakika mbili, na Dorkas hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba aliipiga.

Alimwomba mtunza stoo tepu ndefu ya mita hamsini, ile ya kupimia viwanja vya michezo. Mtunza stoo akamwandikisha daftarini, akamwuliza ya kazi gani. Akajibu ni ya kufundishia.

*

Jumamosi alipanda mlimani na gari la asubuhi. Baba mkwe wake, mzee Eliufoo, alimngoja kanisani juu ya mteremko, amevaa koti lake la ibada ingawa haikuwa siku ya ibada. Dorkas alimwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa kumshika mkono muda mrefu. Walishuka pamoja kwa miguu hadi kwenye kona. Dorkas alihesabu hatua zake njia nzima, na alipofika alikuwa na jumla ya mita mia nne hivi.

Jambo la kwanza lililomshtua ni ukingo. Alitegemea kuona udongo uliobomoka. Ukingo ulikuwa mzima. Mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo wanakijiji waliyapanga kuonyesha mwisho wa barabara, yalikuwa bado yamesimama, isipokuwa matatu yaliyong'olewa. Palipokuwa na mawe hayo, ardhi ilikuwa ngumu, ina alama mbili za tairi zilizonyooka kuelekea hewani.

Alifunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha hadi kwenye shamba la chini, akapima kamba. Mita tano kasoro kidogo. Kisha alimwomba mzee ashike mwanzo wa tepu pale chini, mguuni mwa ukingo, naye akatembea shambani akiivuta. Alitembea kupita mahindi yaliyolala, akapita mgomba uliokatika. Hatimaye akafika kwenye shimo refu lililochimbwa na bampa siku ile, ambamo vipande vya tangawizi vilikuwa vimeanza kutoa machipukizi. Akaivuta tepu ikakaza, akainama kusoma.

Mita kumi na nane.

Alirudi nyuma akatazama kama tepu haijanasa popote. Akamwomba mzee aisogeze vizuri. Wakapima tena, wakapima na mara ya tatu, na kila mara ilikuwa kumi na nane na sentimita chache.

Hakuhitaji kalamu. Kitu kinachoanguka mita tano hutumia sekunde moja kufika chini, kiwe kokoto au lori lenye shehena. Somo hilo alilifundisha kila mwaka, kwanza kwa Kiingereza kama ilivyoagizwa, kisha kwa Kiswahili ili lieleweke. Lori lilikaa hewani sekunde moja. Katika sekunde hiyo lilikwenda mbele mita kumi na nane. Huo ni mwendo wa kilomita sitini na tano kwa saa. Kwenye gia ya pili lori lile lisingefikia hata nusu yake. Injini yenyewe ingelizuia, ingenguruma mpaka ipasuke.

Aliketi juu ya tuta. Mzee Eliufoo alikuja akiikunja tepu taratibu, kwa uangalifu, kama kitu cha kanisa.

"Imesemaje?" aliuliza.

"Mpaka nikafanye hesabu nyumbani, baba."

Mzee alikubali. Walipokuwa wakipanda kurudi, alianza kumweleza habari za siku ile, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akipalilia na hakusikia lolote. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua, alisema. Mara nyingi mwanawe akishuka na lori husikika toka mbali, injini inalia bondeni mpaka mbwa wanabweka. Hata mama anayeuza maandazi mbele ya kanisa alisema hivyo hivyo: aliliona lori likiondoka, likapita mbele yake kimya, akasikia magurudumu tu yakisaga kokoto. Mzee alisema labda ni upepo ulichukua sauti.

Dorkas aliendelea kutembea. Gari zito likiachiwa kwenye mteremko, injini imezimwa, gia imetolewa, halina kitu cha kulishika isipokuwa breki. Na breki za lori lile zilikuwa za upepo unaosukumwa na injini. Upepo ukiisha, mlima ndio unaoendesha.

*

Safari hii hakumpelekea makande. Alinunua mkate na soda dukani ili askari asiwe na cha kumwonjesha. Sifael alipoketi upande wa pili wa wavu, alimtazama mkewe mara moja tu, akajua.

"Ni mita ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nane."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua tayari. Kisha alieleza, sauti ya chini, bila kujitetea. Abdulrahmani alimpimia dizeli kwa safari. Ukizima injini na kutoa gia kila penye mteremko mpaka chini ya mlima, unaokoa lita kadhaa, na lita hizo dereva huziuza. Madereva wote wa mlima ule walifanya hivyo. Yeye alikuwa akifanya, safari moja moja, kwa miaka sita na hakuna kilichotokea. Siku ile alikanyaga breki mara nyingi mno kwa sababu ya utelezi, na katikati ya mteremko mguu ukazama mpaka chini. Akajaribu kuwasha injini. Ikawaka, lakini gia ikakataa kuingia, kwani magurudumu yalikuwa yameshaenda mbio kuliko injini. Usukani ukawa mzito. Juu ya magunia watu walianza kupiga kelele.

"Kwa nini uliniambia ni ukingo?"

"Ungefanya nini kama ningekwambia ukweli?"

Dorkas alimsogezea mkate juu ya ubao. Akamwuliza fedha za dizeli zilikwenda wapi, maana nyumbani hakuwahi kuziona.

Sifael alikuna ngozi ya juu ya hogo kwa kidole kimoja.

"Ulipokwenda kusoma digrii," alisema, "ada yako ulifikiri inatoka wapi?"

Aliyasema bila ubaya. Hilo ndilo Dorkas alilolikumbuka baadaye, kwamba hapakuwa na ubaya hata kidogo katika sauti yake. Askari aligonga meza kwamba muda umekwisha, na Sifael akainuka, akaacha mkate juu ya ubao, ikabidi askari amkumbushe.

*

Wiki hiyo mama yake Blessing aliteremka kuchukua vitu vya mtoto. Mkuu wa shule alimwagiza Dorkas amsindikize bwenini, labda kwa kusahau, labda kwa kudhani watu wa mlima mmoja watafarijiana. Walikuta tranka la bati, godoro limeviringwa na kufungwa kamba, ndoo, na jozi ya raba zilizofuliwa. Mama Blessing alifungua tranka, akatoa nguo moja moja, akazikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa vizuri. Hakulia. Alisema kule juu wamemzika vizuri, watu walikuja wengi, na mzee Eliufoo alileta mahindi gunia zima ingawa wapo waliosema asiyapokee.

Dorkas alimwomba radhi. Alianza kusema habari ya ile simu, lakini mama yule alimkatiza kwa upole, akasema yeye ndiye aliyeanza kupiga simu, kwa hiyo wasianze hayo.

Alipomaliza kufunga tranka, aliketi juu yake.

"Mwalimu, wewe umesomea haya mambo," alisema. "Nasikia ulikwenda ukapima. Nikuulize kitu kimoja tu. Mwanangu alijua? Au lilikuwa jambo la ghafla?"

Dorkas alikuwa na jibu. Alikuwa amelipiga hesabu usiku na mchana bila kutaka: lori lililoanza kuserereka kutoka kanisani mpaka kwenye kona, mita mia nne, lilichukua kama sekunde arobaini na nne. Nusu ya mwisho ya muda huo waliokuwa juu ya magunia walijua kila kitu. Walikuwa na muda wa kupiga kelele, wa kushikana, wa kuitana majina.

"Ni sekunde moja, mama," alisema. "Lilianguka kwa sekunde moja."

Mama Blessing aliirudia sekunde ile polepole, kama anayeipima. Akashukuru. Wakabeba tranka pamoja, mmoja huku na mmoja kule, mpaka barabarani.

*

Wakili kijana alikuwa ameshasikia habari za vipimo kutoka kwa mzee Eliufoo, aliyempigia simu kwa furaha. Alimwita Dorkas ofisini, chumba kidogo juu ya duka la mbegu. Dorkas alimwekea karatasi ya vipimo mezani. Wakili aliisoma, akaisoma tena, kisha akaisukuma kwake kwa ncha ya kidole.

"Hii mimi sijaiona," alisema.

Alieleza kwamba tatizo ni mzee. Ameshawaambia watu wote kwamba mkwewe ana ushahidi wa kisayansi. Dorkas asiposimama kizimbani kutoa ushahidi, hata hakimu atajiuliza kwa nini. Akisimama, ataulizwa mita ngapi. Wakili alitazama dirishani, akasema kama anayezungumza na barabara kwamba mvua zimeshanyesha sana, shamba limelimwa, na hakuna mtu atakayepanda kupima upya. Mita sita, alisema, zingetosha kabisa. Mita tano hata.

Dorkas alirudi nyumbani. Alikaa mezani, akachukua karatasi safi, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: mita sita. Akapiga hesabu yake yote chini, hatua kwa hatua, na hesabu ilikuwa sahihi. Kilomita ishirini na kitu kwa saa. Mtu anayeteremka kwa gia ya pili. Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Isipokuwa tarakimu moja, hapakuwa na kosa hata moja ndani yake.

Siku ya kesi aliweka karatasi zote mbili kwenye mkoba.

Mahakamani watu wa mlimani walijaa mabenchi ya nyuma. Mzee Eliufoo alikaa mstari wa mbele na koti lake la ibada, akimwonyesha kila aliyepita alipokaa Dorkas, kwa kidevu, kwa fahari. Mama Blessing alikaa peke yake karibu na mlango. Sifael alipoletwa alitazama benchi moja baada ya jingine mpaka akamwona mkewe, mkoba umekumbatiwa kifuani. Akamtazama muda mfupi, kisha akageuza uso.

Karani alimsomea mashtaka ya kuendesha gari kwa hatari na kusababisha vifo vya watu watatu, akayataja majina yao. Wakili alikuwa ameshaanza kuinuka.

"Ni kweli," alisema Sifael.

Hakimu alimwuliza kama ameelewa alichoulizwa. Akasema ameelewa. Akaulizwa mara ya pili, na mara ya pili akasema ni kweli, lilikuwa kosa lake, alizima injini mteremkoni. Wakili alibaki nusu amesimama. Mzee Eliufoo aliinuka, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba mtoto huyo ametishwa huko ndani, ushahidi upo, mwalimu anao. Askari alimwendea, akamwambia akae chini au atoke nje. Mzee hakukaa. Askari akamshika bega, akamkalisha kama mtoto, mbele ya kijiji chake chote.

Hakuna aliyemwita Dorkas. Asingejua kamwe angetoa karatasi ipi.

Sifael alipewa miaka mitatu.

*

Stendi ya Same ilikuwa na vumbi na jua kali. Gari la mlimani lilikuwa linapakia, na watu waliotoka mahakamani walipanda bila kuzungumza na Dorkas. Yeye alikuwa amebeba mfuko wa mzee, kama mkwe anavyopaswa, akatembea nyuma yake hatua mbili. Walipofika mlangoni mwa gari, mzee alisimama, akageuka.

"Mimi nilikushikia ile tepu," alisema. "Mara tatu. Ulisema unakwenda kufanya hesabu. Hesabu ikawaje?"

Karatasi zilikuwa mle mle mkobani. Dorkas alimtazama mzee: koti lililokunjamana mahali askari alipomshika, macho mekundu ya mtu asiyelala. Angemwonyesha ile ya kweli, na mzee angepanda nayo mlimani, akaishi miaka yake iliyobaki mlango kwa mlango na mama yake Blessing, huku akijua. Sifael alikwisha kukiri, lakini baba yake alikuwa ameamua ni kwa vitisho, na uamuzi huo ndio kitu pekee alichokuwa anarudi nacho nyumbani.

"Sikuikamilisha, baba," alisema. "Nilishindwa."

Mzee alingoja aongeze neno.

"Nilitoa ng'ombe," mzee alisema. "Sisemi habari ya ng'ombe. Nasema wewe ndiye uliyesoma katika nyumba ile. Tulikutegemea wewe. Mwanangu amekwenda jela, na wewe umekaa na mkoba wako."

"Nisamehe, baba."

Aliunyosha mkono, akauchukua mfuko wake kutoka kwa Dorkas. Dorkas aliushikilia kidogo, akisema ni mzito, atampandishia ndani.

"Naweza mwenyewe," mzee alisema.

Alipanda ngazi za gari moja baada ya nyingine, akipumzika katikati, na hakuna aliyempisha mpaka alipofika nyuma kabisa. Alikaa dirishani upande wa pili, upande usiotazama stendi. Gari likaondoka. Dorkas alisimama pale hadi kondakta wa gari lililofuata alipomwuliza kama anapanda, na alipotikisa kichwa, kondakta akamwomba asogee, anaziba mlango.